Watoto wa Narnia Walikuwa Wakimbizi, Mbona Kitabu Kimesahau?

Ndugu zangu, kaka na dada, na nyinyi watu wa mashirika mnaopita hapa kimyakimya kusoma tunayoandika: leo sina ushuhuda. Sitaandika nilipita msitu gani, nani alibaki nyuma, wala tulilala siku ngapi bila kula. Leo naandika juu ya kitabu, na naandika kwa hasira kidogo, kwa sababu kitabu chenyewe nakipenda.

Kitabu ni *The Lion, the Witch and the Wardrobe*, ile hadithi ya simba, mchawi na kabati, ya C.S. Lewis. Kilitoka mwaka 1950, na ndicho kilichofungua mfululizo wa vitabu 7 vya nchi ya Narnia. Cha mwisho kilitoka 1956. Sisi tumekisoma kwa zamu, kopi moja inazunguka mkono kwa mkono mpaka jalada limeng'oka. Wengine walikuwa wameona filamu yake tu, kwenye kibanda cha video. Tulipomaliza tukaulizana swali moja: ungekuwa wewe mhariri wa kitabu hiki, ungerekebisha nini?

Majibu yakawa mengi, na kelele nyingi. Ndipo mmoja akasema neno lililonikaa rohoni mpaka leo. Akasema: eti kitabu kimesomwa dunia nzima, nyinyi mnaokula unga wa mgao ndio mnataka kukirekebisha? Kimekuja bure, semeni asante muweke rafuni.

Asante tumesema. Tulisema siku boksi lilipofunguliwa, na picha tulipigwa. Lakini asante na akili havigombani, vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mtu akikukaribisha chakula, unashukuru, na bado ulimi wako unajua kwamba chumvi haikutosha. Ulimi haukuacha kuonja kwa sababu uliomba hifadhi.

Basi haya ndiyo marekebisho yetu. Mengine nimeyachukua kwa wenzangu, ukali ni wangu.

Rekebisho la kwanza: anzeni stesheni

Wasiosoma, hadithi ni hii. Watoto wanne wa familia moja, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanatolewa London wakati wa vita kwa sababu ya mabomu ya ndege. Wanapelekwa kijijini mbali kwa profesa mzee. Nyumba ni kubwa, mvua inanyesha, wanazunguka kuichunguza. Lucy anaingia ndani ya kabati la nguo, anapita katikati ya makoti, anatokea kwenye theluji, nchi nyingine kabisa.

Sasa hesabu vita vimepewa nafasi gani. Sentensi moja! Vita, London, ndege, watoto kutolewa kwao, vyote vimebanwa kwenye sentensi moja ya ukurasa wa kwanza, kisha mwandishi anakimbilia kutueleza kwamba nyumba ya profesa iko maili 10 kutoka stesheni. Mama yao yuko wapi? Baba yuko wapi? Nani aliwasindikiza? Kimya.

Kisheria watoto wale hawakuwa wakimbizi kama sisi. Hawakuvuka mpaka, na mtu wa ulinzi angewaandika kwenye fomu kuwa wakimbizi wa ndani. Sawa. Lakini mtoto aliyepandishwa gari akaambiwa "utarudi vita vikiisha" bila kuambiwa vitaisha lini, mimi namjua. Hahitaji fomu.

Na Lewis hakuwa mtu asiyejua. Yeye mwenyewe alikuwa askari kwenye vita ya kwanza ya dunia, akajeruhiwa Ufaransa mwaka 1918. Vita ya pili ilipoanza, Septemba 1939, serikali ya Uingereza ilihamisha watu karibu milioni 1 na nusu kutoka mijini kwa siku chache tu, wengi wao watoto wa shule. Walisafiri na kinyago cha gesi begani na kikaratasi cha jina kimefungwa kwenye koti, kama mzigo wa posta. Baadhi ya watoto hao walikuja kukaa nyumbani kwa Lewis mwenyewe, pembeni ya Oxford. Yaani alikuwa mwenyeji. Aliwaona wakishuka na vikaratasi vyao.

Ndiyo maana tunamdai. Asiyejua tungemsamehe.

Tunachoomba si kitabu kizima cha vita, ni kurasa 8 au 10. Stesheni, mkono wa mama, kile kikaratasi. Lucy anauliza atalala upande gani wa kitanda huko waendako. Peter anaambiwa "sasa wewe ndiye mkubwa", neno ambalo wengi wetu tuliambiwa tukiwa na miaka 10 na ambalo halikuondoka tena. Baada ya hapo mpelekeni kabatini, na kabati litakuwa na uzito. Mtoto anayefungua mlango kwa sababu ya kuboreka kwa mvua si sawa na mtoto anayefungua mlango kwa sababu kila mlango aliojua umefungwa.

Mnasema naota? Waliotengeneza filamu ya 2005 walifanya hivyo hivyo. Filamu inaanza na ndege juu ya London, Edmund anarudi ndani mbio kuokoa picha ya baba yake, kisha stesheni, mama analia, vikaratasi vinafungwa. Hakuna aliyesema wameharibu kitabu. Wasomaji walikuwa wamelisikia pengo hilo miaka 55, mwisho mtu akaliziba.

Rekebisho la pili: mpeni Edmund sababu

Edmund ndiye anayewauza ndugu zake. Anakutana na Mchawi Mweupe kwenye theluji, anapewa Turkish Delight, ile tamutamu laini yenye unga wa sukari juu, jamaa ya halua ya Mombasa. Ina uchawi: ukiionja utataka zaidi na zaidi. Kwa ajili yake anamwambia mchawi kila kitu, idadi ya ndugu zake, na kwamba Lucy alikutana na Tumnus. Tumnus ni yule nusu mtu nusu mbuzi, na kwa neno hilo anakamatwa.

Kitabu kinatueleza kwamba Edmund ana roho mbaya, na baadaye kinagusia kwamba shule aliyosoma ilianza kumharibu. Hiyo haitoshi. Wenzangu wengi kwenye kikundi walisema hawamwelewi kabisa: nani anauza damu yake kwa pipi?

Mimi namwelewa, lakini kwa sababu ya jambo ambalo kitabu hakikuandika. Wakati wa vita Uingereza sukari iligawiwa kwa kadi. Pipi na tamutamu ziliingia kwenye mgao mwaka 1942, na ukiacha miezi michache ya 1949, zilibaki kwenye mgao mpaka 1953. Maana yake kitabu kilipotoka 1950, mtoto wa Kiingereza aliyekisoma alikuwa bado anapanga foleni na kadi ili apate pipi. Yule hakuhitaji maelezo. Aliposoma kwamba mtu amepewa boksi zima la utamu, alisimamisha kusoma akameza mate.

Mtu atasema: basi Lewis hana kosa, aliwaandikia watu wa wakati wake. Kweli. Lakini kitabu bado kinachapwa, bado kinagawiwa kwenye maboksi mpaka huku kwetu, na mtoto wa leo anayeishi karibu na duka lililojaa pipi anamwona Edmund kama shetani mdogo tu. Mistari mitatu ingetosha. Kadi ya mgao mfukoni. Edmund akihesabu kuponi. Sisi wa kadi ya mgao tungeelewa kwa sekunde, na wa mataifa mengine wangeelewa kwa dakika.

Na ni jambo zito hili, si la pipi tu. Kila mmoja wetu anajua mtu kule nyumbani aliyewapa watu wabaya jina la jirani. Wengine walifanya kwa chuki. Wengine kwa kilo 2 za chumvi. Wengine kwa kuwa mtoto alikuwa anaumwa. Kitabu kinachosema "alikuwa na roho mbaya" kinafunga mjadala mapema mno. Lewis anataka Edmund asamehewe, na nampongeza kwa hilo. Lakini msamaha una nguvu zaidi ukijua unasamehe nini.

Hapa msiguse

Kabla sijaendelea, haki itendeke. Kuna sehemu mbili ambazo mhariri akizigusa nitamfuata.

Ya kwanza ni nyumba ya Tumnus. Watoto wanarudi kumtembelea, wanakuta mlango umevunjwa, vyombo vimepasuliwa, picha ya baba yake imechanwa vipande, na sakafuni kuna tangazo la mbwamwitu mkuu wa polisi wa siri: mwenye nyumba amekamatwa kwa kuwahifadhi maadui na kufanya urafiki na binadamu. Dada mmoja kwenye kikundi alisoma ukurasa huo kwa sauti, kisha akafunga kitabu, na hatukuendelea siku hiyo. Lewis ameandika ukweli ambao ripoti nyingi hazina: anayempokea mgeni naye anapigwa. Tukihesabu walioumia kwa ajili yetu, tuwahesabu na wenyeji waliofungua mlango usiku.

Ya pili ni Mama Biva. Biva ni mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa, na huyu mama na mume wake wamewapa watoto samaki na viazi. Inajulikana kwamba Edmund ametoroka kwenda kwa mchawi, lazima wakimbie sasa hivi. Wote wanapiga kelele twende, twende. Mama Biva anafunga mizigo. Chai, sukari, kiberiti, mkate, vitambaa. Anajua kwa hesabu yake kwamba mchawi hafiki mara moja, na kwamba watu bila chakula hawafiki popote. Mwisho anauliza kama cherehani yake ni nzito mno kubeba.

Cherehani! Nani hapa hana mama aliyeiangalia cherehani yake mara ya mwisho? Lewis hakukimbia na mizigo kichwani, lakini ukurasa huo ameuandika kama mtu wa kwetu. Na baadaye Baba Krismasi anapopita kugawa zawadi, Mama Biva anapata cherehani mpya, tena bora kuliko ile. Nyinyi wa ugavi, mkae hapo kidogo. Yule mzee hakuleta sare moja kwa watu wote. Mama Biva alikuwa amepoteza cherehani, akapata cherehani. Mume wake alikuwa anajenga bwawa, akakuta bwawa limekamilishwa. Ni mgao bora kuliko wote niliowahi kusoma.

Rekebisho la tatu: mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Narnia imejengwa juu ya methali hiyo. Nchi ina miaka 100 ya baridi bila Krismasi. Wananchi wake, Biva, Tumnus, mbweha, ndege, wanateseka, wanakamatwa, wanageuzwa mawe. Wanangoja nini? Utabiri: siku ambayo wana 2 wa Adamu na binti 2 wa Hawa watakaa kwenye viti 4 vya enzi kule Cair Paravel, mchawi atakwisha. Watoto wa London wanaingia, na baada ya siku chache tu ni wafalme na malkia.

Lakini wahenga hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atawaliwe.

Hapa kikundi kiligawanyika. Wengine walisema: nyinyi hamjaelewa, ni hadithi ya imani, Aslan yule simba anakufa kwa ajili ya Edmund na kufufuka, wokovu unatoka nje ya mtu, acheni. Nawajibu kwa heshima. Simba simgusi. Jiwe la Meza silisogezi. Wengi wetu tunasali na tumeelewa vizuri anayesemwa ni nani. Ninachouliza ni juu ya vile viti 4. Viti si msalaba. Kwa nini nchi nzima ya viumbe wenye akili, wanaojenga mabwawa, wanaopitisha siri kutoka mti hadi mti na kujua ni mti gani unawasaliti, haina hata mmoja anayeweza kukaa kwenye kiti?

Tulinganishe na kwetu. Mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya kitabu hiki, Shaaban Robert alitoa *Kusadikika*, nchi iliyo angani. Nayo ni nchi ya kufikirika, nayo ina udhalimu. Lakini anayesimama mbele ya mfalme na kusema ni Karama, mtoto wa Kusadikika yenyewe. Wajumbe walitumwa nchi za nje kutafuta mema, wakarudi wakafungwa, na anayewatetea ni mwananchi mwenzao, kwa mdomo wake, siku baada ya siku, mpaka wanafunguliwa. Wazo la nje lilikaribishwa. Kiti hakikutolewa.

Basi rekebisho letu: kabla ya kutawazwa kuwe na baraza. Ukurasa mmoja. Biva aseme, Tumnus aliyetoka kuwa jiwe aseme, mama wa kungi aliyegeuzwa jiwe mezani na watoto wake akiwa anakula Krismasi aseme. Waulizwe wanataka nani. Kama watasema tunawataka hawa wanne, vizuri, kiti kitakuwa na miguu.

Nyinyi wa mashirika mmeshaona ninakoelekea. Gari jeupe linaingia, mradi una jina tayari, una bajeti tayari, una mwisho tayari, na sisi tunaitwa tusaini mahudhurio. Sisemi mna roho ya mchawi. Peter naye hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mtoto mzuri aliyepewa kiti ambacho hakuna mwenyeji aliyeulizwa.

Na sisi tusijifiche. Huku tulipo sisi ndio wageni, na kuna wenyeji waliotupa ardhi ya kulima. Methali inatukata pande zote mbili.

Rekebisho la nne: upanga wa Peter

Baba Krismasi anampa Peter upanga na ngao. Susan anapata upinde na pembe ya kupuliza aombe msaada. Lucy anapata dawa ya kuponya na kisu kidogo. Kisha anawaambia wasichana wasipigane vitani, na Lucy anaposema anadhani angekuwa jasiri vya kutosha, anajibiwa kwamba vita vinakuwa vibaya wanawake wakipigana.

Dada zetu hawakuacha sentensi hiyo ipite. Walisema vita ni vibaya hata wanaume wakipigana peke yao, ukitaka ushahidi waulize. Filamu ya 2005 ililipunguza neno hilo, ikabaki kwamba vita ni kitu kibaya, basi, na mwishoni Susan anautumia upinde wake. Wengi wakapiga makofi.

Mimi nakubaliana nao nusu. Sentensi ile itoke, ndiyo. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kumpa kila mtoto silaha yake ili tuwe sawa. Sisi tunatoka sehemu ambako watoto wamepewa silaha kweli, na hakuna Baba Krismasi aliyezileta. Kwenye makundi yetu ya kusoma kuna vijana ambao Peter hakuwafurahisha hata kidogo. Peter anamuua mbwamwitu, mara yake ya kwanza kuua. Kitabu kinasema alihisi kutapika, kinampa machozi ya mistari michache na dada yake, halafu Aslan anamkumbusha kufuta damu kwenye upanga, anampa cheo, na tumemaliza.

Rekebisho: mpeni Peter usiku mmoja. Alale asilale. Amwombe Lucy dawa na Lucy aseme dawa hii haitibu hicho. Sihitaji zaidi. Msomaji wa Oxford atapita juu yake haraka. Msomaji fulani wa makazi yetu, ambaye sitamtaja kwa namna yoyote, atajua kwamba kuna mtu aliandika akimfikiria.

Rekebisho la tano: kabati liulize

Mwisho wa kitabu ndio unaonikasirisha kuliko vyote. Wale wanne wametawala miaka mingi. Ni watu wazima sasa, wana ndevu, wana wachumba wanaotoka nchi za mbali kuja kuposa. Siku moja wanamfuata paa mweupe msituni, wanaikuta ile taa ya barabarani wasiyoikumbuka vizuri, wanasonga mbele katikati ya matawi, matawi yanakuwa makoti, na pu! wako ndani ya nyumba ya profesa. Watoto tena. Saa ile ile. Makoti tu ndiyo yanayodaiwa.

Hawakuaga mtu. Hawakuulizwa. Narnia imeamka kesho yake bila wafalme, Tumnus ameandaa chai, hakuna mgeni. Na wao wamepoteza maisha mazima ya utu uzima, na kitabu kinafunga kwa furaha, profesa akiwaambia watarudi siku nyingine.

Huku kwetu tuna neno la kitu hiki, na lina sheria yake. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Mataifa ni wa 1951, na unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Mkataba wa Afrika wa 1969, ule wa OAU, unasema wazi kwenye kifungu chake cha 5 kwamba kurudi lazima kuwe kwa hiari, na kwamba mtu hatarudishwa bila kutaka. Hiari. Wasomaji wetu wa Burundi na wa Kongo wanajua uzito wa neno hilo, na wanajua pia linavyopungua taratibu: soko likifungwa, mgao ukikatwa, kila mkutano ukianza na swali "lini mnarudi?"

Kabati lile halikujua hiari. Wala sisemi wabaki Narnia milele. Kurudi kunaweza kuwa kuzuri, wako kati yetu wanaokungoja kila asubuhi. Ninachodai ni sura moja ya kuaga. Lucy ajue kwamba anaondoka. Amkumbatie Tumnus. Susan aseme sitaki. Edmund, aliyeingia Narnia kama msaliti na kukua akawa mwamuzi wa haki, aulizwe: unakwenda? Halafu kabati lifunguke. Hapo hata wakiondoka wakilia, wameondoka kama watu.

Na hizo namba mgongoni

Jambo dogo la mwisho, kwa wanaopanga maktaba. Ukipata seti ya siku hizi, mara nyingi utakuta namba 1 imeandikwa kwenye *The Magician's Nephew*, ambacho kilitoka 1955 na kinasimulia jinsi Narnia ilivyoumbwa. Kwa kalenda ya Narnia ndicho cha kwanza, sawa. Kwa msomaji sicho. Kinakueleza kabati limetoka wapi na taa imetoka wapi kabla hujapata nafasi ya kushangaa. Mpeni mtoto kile cha 1950 kwanza, hata na makosa yake yote haya. Mshangao wa Lucy kwenye theluji hauna rekebisho.

Sasa tunataka nini

Kuna mtu atauliza: Lewis alifariki 1963, hatasoma haya, mnapoteza muda. Simwandikii Lewis.

Nawaandikia vijana wenzangu. Kila mafunzo ya uandishi yanayoletwa kwetu yanaomba kitu kimoja: andika safari yako, andika mateso yako, maneno 500, weka na picha. Tumeandika. Baadhi yetu tumeandika safari hiyo hiyo mara 4 kwa wafadhili 4. Hakuna aliyetuomba tutunge nchi. Hakuna aliyetuuliza kiti cha enzi kinafaa kukaliwa na nani, au mchawi ashindwe kwa namna gani. Kana kwamba mtu aliyekimbia ana kumbukumbu tu, hana ubunifu. Mtu anayeweza kusema sura ya kwanza ina kasoro wapi ndiye anayeweza kuandika sura ya kwanza. Kukosoa ni mazoezi. Tuchukue yale marekebisho 5, kila mmoja aandike moja lake: stesheni, kuponi za Edmund, baraza la Wanarnia, usiku wa Peter, au kuaga. Kwa Kiswahili chochote ulicho nacho, cha Bukavu, cha Kigoma, cha Bujumbura, cha hapa makazini kilichochanganyika. Tuma kwenye kikundi, tutasoma kwa sauti na tutakukosoa pia, jiandae.

Na nyinyi wa mashirika, mambo matatu, hayana gharama kubwa. Mkileta vitabu vya mfululizo, leteni mfululizo, msituletee cha 1 na cha 5 halafu mshangae tumeacha kusoma. Kabla ya kuchagua, ulizeni, hata kwa karatasi moja ukutani. Na mafunzo yajayo ya uandishi, siku moja tu kati ya hizo zote, mtuachie tudanganye: tutunge joka, tutunge mlima unaosema, tutunge kabati.

Kitabu kikija bure bado ni kitabu. Kinasomwa, kinapendwa, kinabishiwa. Aliyetupa akitaka asante peke yake, angetupa sabuni.